Hodi ya Mlango wa Pijo

Yahya alikuwa fundi wa mapambo ya magari ya zamani pale Kaloleni. Kangethe alipomletea Pijo ya marehemu babake, tepe zake za bati za ubavuni zimebonyea na kuchanika, alichagua bati la stenlesi bila kuwaza mara mbili. Nani angechagua jingine? Stenlesi haishiki kutu, na ukiisugua vizuri unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Akakata tepe mpya, akakunja kingo kwa nyundo ya mti, akazibana milangoni. Gari likang'aa kama sinia ya harusi.

Mama Gakenia, mamake Kangethe, hakuliona likirudi nyumbani Otonglo. Jicho lake moja lilikuwa limezimika na la pili limeingia ukungu. Alingoja jua literemke, akavuta kigoda hadi mlango wa dereva, akaketi, leso yake mapajani. Akasikiliza mpaka giza likaingia, kuku wakapanda kulala, majirani wakafunga milango.

"Mmemfukuza," akasema.

Ndiyo maana kesho yake asubuhi Kangethe alirudi Kaloleni, uso umemsinyaa.

"Fundi, tuna shida. Mami amekataa kuingia gari. Na hospitali ya macho wanamtaka kesho jioni, alale huko wamfanyie operesheni. Asipoenda, hilo jicho nalo limeenda."

"Si umpeleke na teksi?"

"Teksi! Bila mzee hatoki. Mzee alikuwa anabisha hodi kila magharibi. Tok... tok-tok. Hapo mlangoni, tangu tumzike."

Ochieng, mchomeleaji wa kibanda cha pili, akainua miwani yake nyeusi. "Yahya, omera, siku hizi unatengeneza gari za majini? Jini akileta malalamiko, utamsikiza na sikio gani?"

Kangethe hakucheka. "Mimi mwenyewe nimemsikia," akasema polepole. "Nilikuwa najifanya natafuta funguo."

Yahya akaenda kwenye pipa la vyuma chakavu, akachakura hadi akapata kipande cha utepe wa zamani. Alikuwa amekitupa bila hata kukipima mkononi; aliona cheupe chenye kung'aa, akadhani ni stenlesi. Sasa alikikwaruza kwa kisu. Kilikuwa laini, kikatoa unyuzi. Kilikuwa chepesi kama ganda la hindi. Akakishika mkono wa kushoto, na wa kulia akashika stenlesi. Cha zamani kikanywa joto la kiganja papo hapo. Stenlesi ikabaki baridi kama tumbo la chura.

Ilikuwa aluminiamu, ndugu wa sufuria.

Akafikiri juu ya mapaa ya Kaloleni, yanavyolia jioni jua likiyaachia. Aluminiamu ikipoa hunywea upesi kuliko chuma cha mlango. Vibanio huishika, huishika, halafu huteleza. Tok.

"Bwana Kangethe," akasema, "hiyo ni bati tu inapoa."

"Nilijua utaniambia hivyo. Sasa njoo umwambie Mami."

Yahya alitandika bati la aluminiamu juu ya gogo, akaanza kukata.

Kesho yake mchana akaenda mwenyewe Otonglo kufunga tepe mpya, akibana kila kibanio kwa nguvu ile ile ya zamani. Kisha wakaacha gari liokwe juani. Jioni Mama Gakenia akatoka na kikapu chake cha hospitali, amevaa sweta, akaketi kigodani. Jua likashuka nyuma ya mikaratusi. Upepo wa ziwa ukaja na harufu ya moshi na samaki.

Kimya.

Kangethe alianza kung'ata kucha. Yahya akajiuliza labda bati ni nene mno, labda amebana kupita kiasi.

Tok.

Mama akainua mkono, mtu asipumue.

Tok-tok.

"Karibu, Baba Kangethe," akasema, kwa sauti ya mke aliyeweka chakula mezani. Akapapasa kitasa, akafungua mlango wa dereva mpaka mwisho, akangoja, kama mtu anavyomngoja mzee mnene aingie pole pole na magoti yake mabovu. Akaufunga taratibu. Akazunguka, kiganja juu ya boneti, akaketi upande wa pili na kikapu chake.

"Haya, twende. Wasituambie tumechelewa."

Kangethe alikuwa amesimama na funguo mkononi. "Mami, sasa... mimi nitakaa wapi?"

"Wewe utamkalia babako? Muombe nafasi. Hukufunzwa adabu?"

Kangethe akamtazama Yahya. Yahya akatazama viatu vyake.

"Baba," Kangethe akasema, "naomba unisongee kidogo."

Mlango ulikuwa bado umefungwa, na mguu wa Kangethe ulikuwa bado nje kwenye vumbi. Ndani, springi za kiti cha dereva zikalia, taratibu, kutoka katikati kuelekea upande wa mama.

Yahya alijua aluminiamu, alijua stenlesi, alijua shaba. Springi hakuzijua.

Kangethe akafungua mlango, akaingia. Pijo ikashika barabara ya mjini, mama akizungumza na kucheka humo ndani. Yahya alilifuata gari kwa macho hadi likapotea. Na Kangethe, mtu mwembamba vile, aliendesha bega likiwa limebanwa kwenye mlango, kama mtu anayegawana kiti.