Bendeji ya Ibtihali

Kazi yangu ya kujitolea pale kituo cha miguu ya bandia, mjini Taizi, ni kufunga bendeji. Kigutu cha mtoto kikishachukuliwa kipimo kwa plasta, lazima kibanwe usiku na mchana wiki tatu, wakati fundi anatengeneza kikombe cha kukivalisha, kile kinachoshika mguu wa bandia. Kikilegezwa kinavimba, na kikombe hakiingii. Kila mama huambiwa hilo siku ya kwanza.

Ibtihali ana miaka tisa. Bomu la ardhini lilimkata mguu wa kushoto, chini ya goti, akienda kuchota maji. Shule yao iko juu kwenye ngazi nyingi, inafunguliwa mwezi ujao. Baba yake alishasema: akiweza kupanda mwenyewe atasoma, asipoweza anakwenda kukaa kijijini kwa bibi yake, asirudi.

Mama yake alimleta mgongoni kila asubuhi. Na kila asubuhi nilikuta bendeji haikufungwa kwa mkono wangu. Mimi namalizia fundo upande wa nje, lile lilikuwa ndani. Nilijua mama anaifungua mtoto akilia. Nikaifunga upya, sikusema kitu. Yule mama aliniletea mkate wa moto, akaniita binti yangu. Mama yangu mimi alishakufa.

Alhamisi ikafika siku ya kujaribu. Vikombe viwili vilikuwa tayari, lakini wayo wa bandia wa kushoto, wa saizi ya watoto hao, ulikuja mmoja tu. Wa kwanza kwenye orodha ni Ibtihali, wa pili Muhannadi, mvulana wa rika lake aliyekatwa mguu huohuo.

"Ukishindwa nauchukua mimi," Muhannadi alisema akiwa kwenye benchi. "Wewe endelea kurukaruka kama kunguru."

"Kunguru ana miguu miwili, mjinga wewe."

Fundi Kaidi akapiga magoti, akasukuma. Kikombe kilikwama katikati. Akasukuma tena. Ibtihali aliuma shela yake.

"Kigutu kimekuwa boga hiki," fundi alisema. "Nani anakifunga?"

"Huyu hapa, Afnani," mama alijibu akininyooshea kidole. "Anafunga legelege. Nimemwona kwa macho yangu."

Nikasema, "Mama anaifungua nyumbani, ustadhi. Tangu wiki ya kwanza."

"Na wewe ulijua tangu wiki ya kwanza?"

"Nilijua."

"Basi mmesaidiana vizuri." Alichukua bisibisi, akaanza kuufungua ule wayo kutoka kwenye kikombe cha Ibtihali.

"Alikuwa analia, ustadhi," mama alisema. "Anasema inamchoma. Ningefanyaje?"

"Ungemwacha alie."

"Wayo mwingine unakuja lini?"

"Barabara ikifunguliwa." Wote tunaijua barabara hiyo: vita vimeifunga, na hakuna ajuaye hadi lini. "Muhannadi, njoo hapa."

Ibtihali alimgeukia mama yake. "Nililia tu, mama," alisema polepole. "Sikukuambia uifungue."

Mama akainama ambebe mgongoni, kama siku zote. Mtoto alimpita kwa magongo yake hadi mlangoni, akayaacha pale, akakaa kwenye ngazi ya juu. Akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja moja, gauni likikusanya vumbi. Mama alimfuata nyuma ameyabeba magongo. Kila alipomwekea mkono begani, mtoto aliutoa.

Ndani, Muhannadi alikuwa ameshasimama kati ya vile vyuma viwili vya kujishikilia, anatuambia tumtazame. Tukamtazama.