Watoto Kumi na Wanne wa Jirani

Milisav alihesabu mara tatu kupitia mwanya wa ua, na mara zote tatu Mungu hakumhurumia: nguruwe wa jirani alikuwa na watoto kumi na wanne. Nyuma yake, katika banda lake lililopakwa chokaa na kufagiliwa kama kanisa la Pasaka, nguruwe wake Belka alikuwa amelala na watoto watano.

Watano! Na baba ni yule yule. Dume lilikuwa la Milisav, lilinenepa kwa shayiri ya Milisav, na katika wiki moja ya Novemba lilipanda majike wawili: Belka na yule wa Gvozden, jirani yake. Miezi yote ya mimba Belka alipimiwa chakula kama mfalme mgonjwa. Yule mwingine alitupiwa maganda ya viazi na maji ya jibini, akashukuru.

Wivu ni mgeni asiyebisha hodi. Kwa Milisav ulikuwa umeshavua viatu na kuomba supu.

“Jirani!” Gvozden aliita. “Mbona unachungulia kama kuku? Pita langoni uone kazi ya dume lako!”

Akapita. Stamena, mke wa Gvozden, alisimama mlangoni akiwa amefunga mikono kifuani, akingoja. Kijijini kwao hakuna aliyetazama kichanga, awe wa mtu au wa mnyama, bila kutema mate mara tatu na kusema ni mbaya. Kusifu ni kulikaribisha jicho baya.

Macho ya Milisav yalizoea giza, yakaanza kazi yao ya miaka arobaini ya ufugaji. Yaliona chuchu kumi tu zenye maziwa na watoto wanne wakihangaika nje ya safu. Yaliona nyasi zilizolowa, na jike akijiegemeza ukutani kila alipotaka kulala. Pale chini ukutani hapakuwa na ubao wa kumzuia asiwabane watoto. Msimu mmoja wa baridi Milisav alizika watoto saba waliobanwa kabla ya kujifunza kupigilia ubao ule.

“Haya, sema basi,” Gvozden alisema, akitabasamu hadi masikioni.

“Wazuri,” Milisav alisema. “Sijapata kuona wazuri namna hii.”

Stamena alifanya ishara ya msalaba. “Jirani, tema mate!”

“Mdomo umekauka, mama.”

Kuhusu ubao hakusema neno. Alirudi kwake akala maharage kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu Jumapili, Belka alipozaa.

Asubuhi Stamena aligonga lango kwa ngumi. “Wawili wamekufa! Wamebanwa ukutani! Jicho lako hilo, Milisav, lipasuke!”

“Jicho langu halina kilo mia mbili, mama. Mlaumu aliyewalalia.”

Jibu lilikuwa zuri. Alikuwa na desturi ya kujichekea akipata jibu zuri, naye akaanza kucheka, ila hakumaliza. Jicho halikuua. Lakini liliona.

Alitoa ubao wa mwaloni aliouweka kwa ajili ya benchi lake, akachukua nyundo na chupa ya rakija, pombe kali ya plamu.

“Umekuja kusifia tena?” Gvozden aliuliza bila kuinuka.

“Shika upande huo.”

Walipigilia ubao chini ya ukuta. Msumari wa mwisho ulipoingia, Gvozden aliupapasa ubao, akamtazama. “Jana uliona kwamba haupo?”

“Niliona.”

Gvozden aliendelea kuupapasa kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

“Bado wawili hawana chuchu,” Milisav alisema. “Nipe wanyonye kwa Belka. Ana maziwa ya bure. Wakiacha ziwa, watarudi kwako.”

“Na Belka atawakubali?”

Milisav aliinua chupa. “Wote saba tunawapaka hii. Atanusa familia moja ya walevi.”

“Rakija nzuri hivyo?”

“Ningeleta yako, lakini nataka wapone.”

Stamena alitaka kubaki amekasirika. Tabasamu la pembeni mwa mdomo likamsaliti.

Bandani kwa Milisav, Belka aliwanusa wote, akapiga chafya, akajilaza. Milisav na Gvozden waliegemea kizuizi bega kwa bega. Saba wakajipanga. Ghafla mmoja wa wale wageni, mwenye baka jeusi sikioni, aliwapanda wenzake mgongoni, akamsukuma mtoto wa kwanza wa Belka na kutwaa chuchu ya mbele kabisa, ile yenye maziwa mengi kuliko zote.

Milisav alihisi wivu ule ule ukimwuma mahali pale pale. Mgeni wake hakuwa ameondoka. Pengine alikuwa amesinzia tu mezani.

Gvozden hakumtazama. “Unawaonaje?” aliuliza polepole.

“Wabaya,” Milisav alisema. “Hasa huyo wa mbele. Sura kama ya bwana wake.”

Akatema mara tatu kwenye nyasi kavu. Safari hii mate yalikuwa tele.