Nilivyoisifu Lamu

Bahari sikuwa nimeiona hata kwa picha, lakini mwaka ule wa 1955 niliisifu Lamu mpaka mate yakanikauka.

Nilikuwa yaya kwa Chunilal, Mhindi mwenye duka la vitambaa hapo Thika. Mtoto wao Madhuri alikuwa ametoka kuugua kifua, na daktari alisema apelekwe baharini. Wao kila mwaka ni Mombasa. Mimi nilitaka waende Lamu, tena wanichukue nimshike mtoto. Ng'ambo ya Lamu, kisiwani Manda, serikali ilikuwa imemfungia Baba Wamboi, mume wangu. Macharia wa kwetu Gatongora aliachiliwa kutoka huko akaniambia, "Nilimwacha anakohoa damu." Tangu hapo sikujua kama mimi ni mke au ni mjane. Na siku hizo za vita vya Mau Mau, Mkikuyu bila pasi ya serikali hata Ruiru hafiki, sembuse Lamu.

Asubuhi moja Mama Parvati, mke wa Chunilal, alikuwa anachambua mchele. Nikaanza.

"Mama, Mombasa ni kelele tupu. Lamu hakuna magari. Mtoto atalala."

Akacheka. "Nani anaenda Lamu? Mimi hapana jua mtu hata moja huko."

"Si ndiyo maana! Mombasa utabanana na ndugu za Bwana, upikie chapati watu ishirini. Hiyo ni kupumzika ama ni kibarua?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Nikaona nimemshika, kichwa kikavimba. "Mchanga ni mweupe, hakuna wa kuukanyaga. Upepo mchana kutwa. Na samaki, Mama! Samaki wa kushiba kijiji!"

Haiya! Gathoni mjinga mimi! Nyumba ile hawali nyama wala samaki, hata yai haliingii. Mama Parvati alikunja uso utadhani nimemwekea huyo samaki kwenye sahani. Nikageuza maneno mbio. "Wewe utakula maembe, Mama. Na nazi."

"Wewe najua hii yote namna gani?"

Sauti hiyo haikuwa ya Mama. Alikuwa Chunilal, amesimama mlangoni na funguo za duka mkononi.

"Niliambiwa na mtu, Bwana."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Kikuyu ya Thika najua Lamu kwa sababu moja tu," akasema, akanisogelea. "Iko mtu yako Manda? Mimi napeleka bibi ya Mau Mau mpaka kule, kesho serikali nafunga duka yangu! Sema jina yake!"

Neno moja tu kwa polisi na Wamboi wangu angebaki bila baba na bila mama. Lakini hata kwa woga ule jina halikutoka. Kwetu mwanamke mwenye heshima hamtaji mumewe. Tangu anioe, kwangu yeye ni Baba Wamboi, na kabla ya Wamboi alikuwa "huyu" tu.

Mama Parvati alikuwa ananitazama. Huyu naye, muda wote niliokaa kwake, sikuwahi kumsikia akisema "Chunilal". Ni "Baba Madhuri", ama anakohoa tu mzee ageuke. Nikaona macho yake yamebadilika, nikajua amejua ni mtu gani huyo nisiyemtaja.

"Ni mimi aliambia yeye," akamwambia mumewe. "Bibi ya fundi cherehani alisifu Lamu kwangu." Uongo mtupu, na hakupepesa! "Sisi naenda Lamu. Mimi nachoka kupikia ndugu yako."

Chunilal akatutazama mmoja mmoja. "Sawa. Lakini Kikuyu hapana enda. Syokau ya kufagia ni Mkamba, hana shida ya pasi. Yeye tashika mtoto." Akarudi dukani.

Ngai! Nilitaka kuvunja kila sufuria jikoni humo. Maneno yote yale, na safari akapewa Syokau! Nililia kwa hasira mbele ya Mama bila haya.

Akafunga mlango. "Sema jina. Bila jina mimi tauliza nani?"

Nilitazama mlango, nikatazama dirisha. "Kagwe," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na nilinong'ona kama mwizi.

Waliporudi, Madhuri alikuwa amenona. Mimi nilikuwa nafua. Mama Parvati alinijia moja kwa moja, hata viatu hakuvua.

"Wafungwa alikuja na boti kuchukua chakula, na askari," akasema. "Mimi naita kwa nguvu, Kagwe! Baba Madhuri naona aibu sana."

"Halafu, Mama?"

"Moja aligeuka. Mwembamba sana. Mimi naambia yeye, bibi yako alinipa jina. Yeye nacheka, mpaka askari nasukuma yeye."

"Anacheka nini?"

"Alisema mimi mwongo. Alisema bibi yake hawezi kutaja hiyo jina."

Alikuwa yeye, na mimi bado ni mke. Nikakaa chini papo hapo, kwenye maji ya sabuni, na nguo za watu mapajani.