Kitabu Kinachomfaa Neyda

Profesora Clemencia alinipa alama mbili kati ya tano, na hakunipa kimyakimya. Alizitangaza Jumamosi asubuhi mbele ya darasa zima, kila mtu kwenye kidirisha chake cha skrini.

"Deyanira anaandika vizuri," alisema kutoka kwake Bogotá, "lakini hadithi yenye maiti ya mtoto haimfai msomaji wa miaka sita. Umri huo unahitaji kulindwa, si kutishwa."

Kulindwa! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kazi yenyewe ya kozi yetu ya vitabu vya watoto ilikuwa hivi: mchague mtoto unayemjua, umtungie hadithi inayomfaa, kisha ueleze kwa nini inamfaa. Nilimchagua Neyda, binti wa mdogo wangu, ninayeishi naye nyumba moja hapa Quibdó. Nikamtungia hadithi ya gualí, ule mkesha tunaomfanyia mtoto mdogo akifa. Watoto wanaimba na kucheza, marehemu anapakatwa na kupokezanwa mikononi, wanagawiwa vitu vitamu, na hakuna ruhusa ya kulia, maana machozi huyalowesha mabawa ya malaika mdogo akashindwa kuruka. Mimi nimecheza gualí nikiwa na miaka mitano. Sikutishika. Nilikula biskuti zangu nikarudi nyumbani nikalala.

Nikafungua maikrofoni. "Mwalimu, mtoto mwenyewe kafiwa na mdogo wake. Unamlindaje na kitu kilichokwisha kuingia ndani ya nyumba?"

"Ndiyo maana tuna lugha ya mafumbo, mpendwa. Safari, nyota, bustani..."

Mvua ikaanza kupiga bati na sauti yake ikamezwa. Nikashukuru, kwa sababu tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Tena alama si kitu. Tatizo ni kwamba nyumba yetu ni ya mbao, na ukuta wa mbao hautunzi siri. Mdogo wangu Yirlesa alikuwa jikoni akikaanga ndizi, na alisikia kila neno. Akaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Umesikia, dada? Hata profesora wako kasema. Haifai."

"Profesora wangu hajawahi kumwona Neyda akimwekea peremende mtu aliyezikwa."

"Shusha sauti!"

"Nishushe mpaka lini, Yirlesa?"

"Mpaka akue."

"Akue afike wapi? Aolewe akidhani Eider yuko Cali?"

Akaninyooshea ule mwiko. "Eider alikuwa mwanao? Hebu niambie. Wewe ndiye uliyemzaa?"

Akarudi kwenye ndizi zake.

Eider alikufa mwezi wa Mei, kwa homa, akiwa na miaka mitatu. Yirlesa anakaa mapokezi kwa daktari wa meno, na siku hizi mila zetu anaziita mambo ya watu wa mtoni. Gualí aliikataa katakata. Alimpeleka Neyda kwa jirani, akamzika mtoto asubuhi na watu wachache, bila ngoma, bila wimbo. Jioni akamwambia binti yake kwamba Eider amekwenda mji wa Cali kwa mama yake wa ubatizo, na sisi wengine akatuapisha. Tangu siku hiyo, kila peremende Neyda anayopewa inaingia kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda chake. Hajauliza swali hata moja. Yirlesa anasema mtoto ameamini. Mimi nilikuwa nikimtazama anavyonyamaza, nikatamani kuvunja vyombo. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua, na humu ndani hata kilio chenyewe kilifichwa.

Profesora alinipa nafasi ya pili: nimsomee mtoto mbele ya darasa, moja kwa moja, kitabu atakachochagua mwalimu mwenyewe. Akanitumia kitabu cha sungura mdogo ambaye babu yake "amesafiri mbali sana". Kwetu sungura ndiye mjanja kuliko wanyama wote. Huyu alikuwa bwege, anakaa dirishani kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nilitaka kukataa. Lakini bila kozi hiyo kazi ya kutunza chumba cha vitabu cha shule ya mtaa wetu angepewa mwingine, mmoja wa hao wanaopeleka wafu kwenye nyota. Nikameza.

Yirlesa alifurahi ajabu. Alimsuka Neyda mwenyewe, akamvisha gauni la njano. "Kitabu cha maana kama hiki ndicho nilichokuwa nakitaka," aliniambia, na nilitamani kumrushia hicho kitabu.

Basi Jumamosi iliyofuata nikakaa kitandani mbele ya kompyuta, Neyda ubavuni. Nikasoma. Kila jioni sungura mdogo alimwekea babu karoti dirishani. Kila asubuhi karoti bado ipo. Mwishoni nyota ikakonyeza, sungura akatabasamu, akalala. Neyda alisikiliza bila kutikisika.

"Vizuri sana," alisema Profesora Clemencia kwa sauti ya asali. "Neyda, mpenzi, unafikiri sungura mdogo anajisikiaje?"

"Kakasirika."

"Amekasirika? Kwa nini?"

"Babu yake kafa, halafu wanamwambia kasafiri."

Kwenye skrini watu waliacha kunywa kahawa zao.

"Lakini kitabu hakisemi kwamba amekufa, mpenzi."

"Kinaogopa," alisema Neyda. "Angekuwa kasafiri angepiga simu. Eider naye hapigi. Mama yake wa ubatizo kapiga, kauliza kama mama anakula vizuri. Habari za Eider hakusema hata moja."

Jikoni mwiko ulianguka.

"Neyda, umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Viatu vyake vipo uvunguni, mama mkubwa. Mtu haendi Cali pekupeku."

"Mbona hukusema?"

"Mama hataki nijue."

"Na peremende unamwekea za nini?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Si zake. Za watoto watakaokuja kumchezea." Kisha uso ukamkunjamana, na mimi ambaye nilijiona bingwa wa hasira katika nyumba ile nikajua sikuwa nimeanza. Alipiga godoro kwa ngumi. "Nangoja tu, nangoja tu! Mtoto wa Nurys alipokufa tulimchezea mpaka kukacha. Eider mbona hatukumchezea? Mmemtoa kama takataka!"

Yirlesa alikuwa ameshafika mlangoni. Nilidhani atampiga, au atanipiga mimi. Alisimama tu, ameikunja aproni yake mkononi.

"Deyanira," ilisema kompyuta, "labda tuishie hapo..."

"Mwalimu, nyamaza."

Sikumzima. Alitaka kujua kinachomfaa mtoto wa miaka sita, basi atazame.

Neyda aliruka kutoka kitandani, akaingia uvunguni, akatoka na kopo. Akalitua katikati ya sakafu. Akauvuta mto wa Eider, ule wenye samaki ambao hakuna aliyethubutu kuufua, akamsukumia mama yake kifuani.

"Mshike. Umwimbie kidogo, halafu umpe mama mkubwa, halafu mimi."

Yirlesa alipakata ule mto. Akaunusa. Akaketi sakafuni, na kilio alichokibana tangu Mei kikamtoka chote.

"Usilie!" Neyda alipiga kelele, akikanyaga mbao kwa mguu. "Kila siku unafungulia maji bafuni unalia, unadhani sisikii! Unamlowesha mabawa! Ndiyo maana mpaka leo hajafika!"

Yirlesa alimtazama binti yake. Akajifuta uso kwa aproni, akajifuta tena, mpaka ukakauka.

Kisha akaanza kuimba, vibaya, na akanipa mto.