Sikio la Madina

Waasi walipoushika mji, mwaka ule wa 1964, hospitali yetu ilibaki na chupa moja ya oksijeni. Mpwa wangu Madina, wa miaka mitatu, alikuwa mgonjwa wa mapafu. Tukimwachia hewa mfululizo, chupa ingeisha kabla ya Ijumaa. Tukimpa kwa kubahatisha, angeisha yeye.

Ndiyo maana nilitengeneza kibanio cha sikio. Nilikuwa nikifagia studio ya tonton Abdulhamid, mpiga picha, miaka minne nikimtazama. Nikachukua kipima-mwanga chake, kipande cha kioo chekundu na balbu ya tochi, nikavifunga kwa waya wa baiskeli, sikio likae katikati. Damu yenye hewa inapitisha mwanga mwekundu, mshale wa kipima-mwanga unapanda. Damu ikikosa hewa inakuwa nyeusi, mshale unashuka. Ukipita chini ya alama niliyoichora kwenye kipimo, papa Alexis, infirmier, yaani muuguzi wetu, anafungua chupa. Ukipanda, anafunga. Siku tano tuliishi hivyo.

Siku ya sita, adhuhuri, akaingia commandant mmoja wa waasi. Akavuta kitambaa cheusi tulichozibia jua pale sikioni, akakitupia shingoni mwake.

"Phonie! Redio hii! Munaongea na wazungu!"

"Phonie bila mudomo, chef?" nikamjibu. "Inapima pumuzi tu."

"Nitaivunja."

"Mwanahamisi, nyamaza," papa Alexis akanong'ona.

"Ngoja, papa. Papa commandant, leta sikio."

Akaruka nyuma. Dawa yake ya kukinga risasi ilimkataza kuguswa na mwanamke. Askari wake mlangoni wakacheka.

"Bon. Angalia yangu, basi. Simama kwenye dirisha, ufanye kivuli."

Nikamtoa Madina kibanio, nikasugua sikio langu mpaka likawaka, nikakibana hapo. Nikatoa pumzi yote, nikaziba pua na mdomo, nikamkazia macho. Mshale haukutikisika. Kifua kikaanza kugonga, kichwa kikavuma. Ndipo ukashuka.

"Pumua!" commandant akapiga kelele. "Wee mwanamuke, pumua!"

Nikapumua. Mshale ukapanda polepole.

"Alors? Wazungu wamesema nini?"

Akanyooshea kibanio kidole. "Tunaibeba. Tuko na majeruhi."

"Balete hapa. Hii haitoki."

Nikamrudishia Madina kibanio. Commandant akageuka aondoke. Jua likaingia, mshale ukaruka kama panzi.

"Rudi pale! Ao nipe kitambaa."

Kitambaa hakukitoa. Alirudi dirishani. Mshale ukatulia, chini ya alama.

"Papa, fungua."

Chupa ikalia. Commandant alisimama pale bila kusogea, na mimi sikumruhusu aondoke mpaka mshale ulipopanda.