Mtandao wa Nyumba ya Mama Teresia

Jioni hiyo Verdiana alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, ameinyanyua ruta ya mtandao mpaka karibu na bati, na taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa vilevile kama alipokuwa ameiweka dirishani. Kwenye simu yake mwalimu wa masomo ya ukunga alikuwa ameganda mdomo wazi. Verdiana alisubiri mdomo ule ufungwe. Haukufungwa.

Ruta ilikaa chumbani kwake kwa sababu dirisha lake ndilo lililotazamana na mnara. Nyumba ilikuwa ya Mama Teresia, nyuma ya maegesho ya malori pale Mikumi, na wapangaji wote walikuwa wameichangia ruta hiyo: Verdiana mwenyewe, aliyekuwa muuguzi wa zahanati; Lusekelo, fundi wa magari na mpenda mpira; na Mashauri na mkewe Agness, wauza maziwa waliotoka Meatu na ng'ombe wao, wakawaacha ng'ombe Kisanga kwa kaka yake Mashauri na wao wakapanga mjini. Mama Teresia hakuchanga, ila alipewa neno la siri kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, akawa anasikilizia mahubiri. Verdiana hakuchaguliwa na mtu kusimamia mtandao. Ruta ilikuwa kwake, basi lawama zikawa zinabisha hodi kwake.

Tangu mvua za masika zikatike, mtandao ulikuwa mzima mchana kutwa na unakufa jua likianza kuzama. Verdiana alizima ruta na kuiwasha. Aliifuta vumbi. Aliihamishia juu ya kabati, akairudisha. Aliwapigia huduma kwa wateja, binti mwenye sauti tamu akamwuliza kama amejaribu kuizima na kuiwasha.

"Nimejaribu, mdogo wangu."

"Jaribu tena, dada, mimi nakusikilizia hapa."

Akazima, akawasha, na binti akasikiliza. Hali ikawa ileile.

Mwishowe aliwakusanya wenzake uani na kuwaomba wazime simu zote. Wakazizima na kuziweka kwenye sinia la Mama Teresia, wakaenda dirishani kuangalia. Taa ya ruta iliendelea kupepesa haraka haraka, kama mtu anayekula huku gari linamwacha.

"Kuna mtu wa nje anavuta," alisema Lusekelo. "Na mtu wa nje hawezi kuingia bila kupewa paswedi." Hakumtazama Mashauri alipolisema hilo, lakini kila mtu aliona alivyokwepa kumtazama. Mashauri alipoondoka kwenda kupokea maziwa, Lusekelo akaongeza, "Hawa ndugu zetu ukoo wao mkubwa. Akimpa binamu mmoja, amewapa Kisanga nzima."

Verdiana hakubisha. Alibadilisha neno la siri usiku uleule, akampa Lusekelo, akampa Mama Teresia, na kwenye mlango wa Mashauri akapita kama hakuna mtu. Kesho yake jioni mtandao ukaenda kama maji ya bomba jipya. Mwalimu wa ukunga alifundisha mpaka mwisho bila kuganda. Lusekelo aliangalia mpira, akapiga makofi peke yake chumbani, na kipindi cha mapumziko akatoa kichwa mlangoni. "Nilisema!"

Mashauri hakulalamika. Asubuhi alimletea Verdiana maziwa kama kawaida, akamsalimia kama kawaida, na Verdiana alipoyachemsha hakuona hamu ya kuyanywa.

Jioni iliyofuata Agness alikuja mlangoni kwake, amejifunga khanga, sauti ya chini.

"Dada Verdi, samahani. Yule babu yenu amekaa nje tangu jana. Anasema mtandao umemkataa."

"Babu gani?"

"Babu yako. Mwenyewe alisema wewe ni mjukuu wake. Alimwomba Mashauri paswedi, Mashauri akampa. Mtu mzima akikuomba kitu kama hicho utamnyima?"

Verdiana alivaa kandambili akazunguka nyuma ya nyumba. Kwenye rundo la matofali chini ya dirisha lake alikuwa ameketi Babu Nikolaus, baba wa baba yake, aliyefariki Verdiana akiwa darasa la tatu. Alikuwa na lile koti la kaki alilozikwa nalo. Hakuzeeka wala hakurudi ujana. Udongo tu ulikuwa umemkaa kwenye nyusi, na hakujali kuufuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenenepa. Vizuri."

"Mbona hukubisha hodi siku zote hizi?"

"Nilikuwa nakusikia na masomo yako. Nikasema nisikukatishe. Nimeomba kwa jirani, kijana mstaarabu sana." Akakohoa kidogo. "Sasa tangu jana nasukuma, mlango haufunguki."

Verdiana alimwinamia akamtajia neno jipya la siri. Mzee alilirudia taratibu, kama mtu anayejifunza jina la mkwe, kisha akakunjua kiganja. Kiganja kikawaka. Ndani yake ilianza kufunguka picha ya ardhi iliyopigwa kutoka angani, kipande baada ya kipande: kwanza reli, kisha mto, kisha mabati ya Kilosa, kisha mraba mkubwa wa shamba la mkonge ambako alifanya kazi tangu alipoletwa kijana kutoka Mbinga mpaka kifua kilipomshinda. Verdiana alikaa juu ya tofali pembeni yake. Sasa alielewa kwa nini mwalimu wake alikuwa anaganda. Picha ile ilikuwa kubwa mno kwa ruta ya dirishani.

"Unatafuta nini, babu?"

"Kwangu."

Akamweleza bila haraka. Wao, yeye na wenzake wa makaburini, jioni walikuwa na kawaida ya kutoka kidogo kunyoosha miguu. Wakati wa kurudi alikuwa anaifuata mikaratusi iliyozunguka makaburi ya wafanyakazi, maana inaonekana tokea mbali. Siku moja amerudi, mikaratusi hakuna. Akatafuta misalaba, hakuna. Kumelimwa kote, udongo umelainishwa, huwezi kujua mguu unakanyaga paja la nani. Alizunguka mpaka jua likamkuta nje.

"Aibu, Verdiana. Mtu mzima kukosa pa kulala."

Picha ya kiganjani ilikuwa imepigwa zamani kidogo, na mikaratusi ilikuwa bado imesimama humo, myeusi kama mstari wa siafu. Babu aliweka kidole. "Mimi hapa. Tomasi hapa. Damiano hapa, karibu na njia." Kila jioni aliitazama, akaishika kichwani, akaondoka kwenda kuitafuta sehemu ile kwa miguu, lakini akifika chini hakuna alama hata moja ya kulinganisha, na kesho yake inambidi aje kutazama upya. Umbali haukumsumbua. Miguu, alisema, siku hizi haichoki. Na kule shambani mtandao haushiki.

"Na hao wenzio wako wapi?"

"Barabarani pale kwenye malori. Wameona haya kuingia uani kwa watu bila kuitwa."

Agness, aliyekuwa amemfuata Verdiana, akaenda kuwaita. Walikuja wakiwa wameshika kofia zao mkononi, wakaketi kwenye mkeka ambao Mama Teresia aliutandika mwenyewe, na alipowauliza kama watakunywa chai wakashukuru wakasema hapana, inawapita tu. Lusekelo alirudi kutoka gereji na mikono ya grisi, akawaamkia mmoja mmoja, akawapa kiwiko badala ya kiganja ili asiwachafue. Kisha akafungua simu kutafuta mpira. Haikufunguka. Akawatazama wazee watatu na viganja vyao vitatu vinavyowaka.

"Basi itabidi tupange zamu," alisema.

Wakapanga. Jua likizama mpaka chakula cha jioni, mtandao ni wa wazee. Siku Verdiana ana kipindi, wazee watatumia kiganja kimoja na wengine watachungulia. Mahubiri ya Mama Teresia yakahamia asubuhi. Mashauri alirudishiwa neno la siri, na Lusekelo ndiye aliyempelekea, amesimama mlangoni akijikuna shingo.

"Ndugu yangu, tulidhani unagawa ovyo."

"Niligawa," alisema Mashauri. "Kwa mmoja." Akacheka, akamkaribisha ndani. Lakini tangu siku hiyo, maziwa ya Lusekelo ndiyo yaliyofika mwisho.

Siku yake ya mapumziko Verdiana alimwomba Lusekelo ampeleke Kilosa kwa pikipiki. Walipita Ulaya, wakapita Zombo, vumbi likawapaka rangi moja. Shamba lile serikali ililiuza zamani, enzi ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa. Aliyelinunua akaliacha likawa pori, pori likamfaa kila mtu na makaburi yakapumzika. Kisha likapata mwekezaji mwingine, huyu akiwa na matrekta.

Msimamizi aliwapokea vizuri. Aliitwa Brayson, kijana mwenye buti safi, akawapa viti na maji. Verdiana alisema amekuja kuangalia kaburi la babu yake. Brayson alifikiri kwa heshima.

"Dada, ramani niliyokabidhiwa haina makaburi."

"Twende tukaone."

Walitembea kati ya mkonge mchanga uliofika magotini. Verdiana alishika simu mbele yake kama mtu anayebeba bakuli lililojaa, akifuata nukta ya bluu kwenye ile picha ya babu, iliyobaki simuni tangu alipoifungua nyumbani, mpaka nukta ikasimama chini ya mikaratusi. Kwenye simu alikuwa kivulini. Jua lilimchoma utosi. Pembeni, karibu na njia, tangi la maji lilikuwa limekalishwa juu ya vipande vya saruji, na kimoja kilikuwa na umbo la mkono wa msalaba.

Alimwonyesha Brayson simu, kisha akamwonyesha tangi. Brayson alitazama kwa makini, bila ubishi.

"Ni kweli. Kwenye picha kuna miti. Lakini picha si hati, dada."

"Na ile saruji?"

"Niliikuta. Ni mali ya shamba. Kuitoa mpaka mkurugenzi aseme, na mkurugenzi yuko Dar."

"Waliokuwa wamelala hapa sasa wako kwangu," alisema Verdiana. "Kila jioni."

"Wazima?"

"Wazima."

"Afadhali," alisema Brayson, na uso wake ulionyesha amefarijika kweli. "Maana trekta lingewasumbua."

Njiani kurudi walisimama kwa mtendaji wa kijiji, aliyesikiliza kila kitu, akasema jambo hilo ni zito na litafuatiliwa. Verdiana alimwachia namba yake. Mpaka leo simu anaipokea mara moja ikiita, na ni watu wengine.

Jioni alimkuta babu yake ametangulia mbele ya wenzake, anamngoja. Alimweleza yote: tangi, saruji, mkurugenzi. Babu alisikiliza akitikisa kichwa kidogo kidogo.

"Wamepanda nini?"

"Mkonge."

"Mkonge tena," alisema babu. Kisha akauliza kama Brayson amewapa angalau maji ya kunywa, akaambiwa amewapa.

Maisha yaliendelea hivyo. Wagonjwa wa zahanati walijua kwamba jioni Verdiana hapatikani kwenye mtandao, wakawa wanampigia simu ya kawaida. Wapiga debe wa kituo cha malori walizoea kuwaona wazee watatu wakivuka barabara kuu polepole, na madereva wa malori, ambao kwa tembo hupunguza mwendo, kwa wazee walisimama kabisa. Verdiana alianza kuwauliza mambo ambayo hakuna mtu aliyekuwa amebaki wa kuulizwa: bibi yake alikuwa anaimba nini akipika, nani alimpa baba yake jina, kwa nini ukoo wao hauli nyama ya kanga. Babu alijibu huku jicho moja liko kiganjani. Verdiana akagundua kwamba siku hizi anawahi kurudi nyumbani kutoka kazini.

Kisha, katikati ya kiangazi, picha ilibadilika. Wenye ramani, popote walipo, walikuwa wamepiga nyingine. Reli ilifunguka, mto ukafunguka, mabati ya Kilosa yakafunguka, yameongezeka. Shamba likafunguka. Mikaratusi haikuwamo. Kulikuwa na mistari tu, ya kijani na kahawia, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Tomasi alifunga kiganja chake. Damiano akafunga chake. Babu Nikolaus alisogeza picha huku na huku kwa kidole kizito, akaikaribia, akaiacha. Aliyakata majani ya mkonge maisha yake yote ya utu uzima, na alikuwa mtu asiyesema uongo kuhusu kazi.

"Mistari imenyooka," alisema.

Mama Teresia alikuwa ametoka na mikeka mingine, akaitandika barazani bila kuuliza, upande usiopigwa na umande, mmoja wa kila mzee. Mashauri alileta blanketi la Kimasai akaliweka juu ya mkeka wa kwanza. Ng'ombe wa mtu walipita nje ya uzio.

Babu aliligusa lile blanketi. Kisha akakunjua kiganja tena, akamsogelea Verdiana.

"Niandikie Mbinga," alisema. "Kijiji nitakutajia. Nilitoka huko kijana, mama yangu nilimwacha chini ya mwembe wa nyuma ya kanisa. Huyo labda bado hajalimwa."

Verdiana akaandika. Picha ikaanza kufunguka kwenye pembe moja, polepole mno, mlima kwanza. Lusekelo, ambaye mpira wake ulikuwa umebakiza kipindi cha pili, aliitazama kidogo ile pembe ikihangaika, akazima simu yake, akaitia mfukoni.