Kompyuta ya Kupakata

Basi lilikwishaanza kutembea, na kinyozi alikuwa bado anatembea nalo sambamba, kiganja chake ubavuni mwa bati kama mtu anayemsindikiza ng'ombe. Binti yake alikuwa ametoa kichwa dirishani, anapaza sauti juu ya kelele za injini.

"Ramu, baba. Ramu iwe kumi na sita. Wakikupa nane usikubali."

"Nimesikia."

"Na iwe na kamera. Na kisiwe kishikwambi, hawataki vishikwambi."

"Nimesikia, mama. Rudisha kichwa ndani."

Basi likakata kona, likamwachia moshi. Kinyozi akabaki barabarani na mkono wake hewani, mpaka muuza maji akamwuliza kama anataka maji au anataka kugongwa.

Binti huyo wateja walimwita Mpakatwa. Mama yake alifariki yeye hajaota jino, na kinyozi, ambaye hakuwa na dada wala mama wa kumwachia mtoto, alimlea mle mle dukani. Mteja akiwa kitini, mtoto yuko mgongoni kwa babake; mteja akiinuka, mtoto yuko mapajani. Alipakatwa mpaka miguu ikawa inaburura sakafuni. Watu walisema, "Mshushe huyo, kinyozi. Mtoto hajifunzi kutembea hewani." Kinyozi akawa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Siku moja shemeji yake, kaka wa marehemu, alichoka kuona, akamnyakua mtoto mapajani kwa babake akamsimamisha chini. Mtoto hakulia. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatembea moja kwa moja hadi mlangoni. Kumbe alikuwa anajua siku nyingi, basi tu hakupewa sakafu.

Sasa alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia, katika chuo cha mbali, mahali ambapo duka la karibu linauza sabuni, viberiti na vocha. Ilimbidi atangulie kujiandikisha, na mzigo wa kompyuta uliosubiriwa mjini kwao ulikuwa haujafika. Kwa hiyo kazi ya kuchagua ilimwangukia babake. Chuo kilikuwa hakina mzaha: kabla ya masomo kuanza kila mwanafunzi alete kompyuta mpakato yake ikaguliwe, na ambaye yake itakataliwa, nafasi yake anapewa mwingine, yeye angoje mwaka kesho.

Kompyuta mpakato. Mtaani kila mtu alisema laptopu, na kinyozi naye alisema laptopu. Hilo neno la chuo lilimkaa kichwani kama unywele kolani. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameitazama mashine akafikiria mtoto mapajani.

Zilipita siku. Duka la kinyozi lilikuwa na vioo viwili vinavyotazamana, na mtu akisimama katikati aliona vinyozi wengi wamepanga foleni, kila mmoja mdogo kuliko mwenzake. Zamani nyuma ya wote wale alionekana binti juu ya stuli yake, anasoma, au ameshika ufagio. Sasa wamebaki vinyozi watupu. Mashine ya kunyoa ikizimwa, kimya kilishuka mpaka wateja wakaanza kukohoa bila kikohozi. Alinyoa watu, akafagia nywele zao mwenyewe. Chai alipika birika zima kwa mazoea, akainywa mpaka tumbo likalia kama mtungi.

Mzigo ulipofika alikwenda duka la kompyuta. Mwenye duka walimwita Injinia, ingawa alichokijenga hakuna aliyekiona.

"Karibu, mzee. Ya ofisi au ya kijana?"

"Ya binti. Ya chuo. Nataka nijaribu kuipakata."

"Kuipakata?"

"Si ndiyo jina lake?" Kinyozi akaketi, akaunganisha magoti. Injinia akamwekea moja ya rangi ya fedha, nyembamba, nzuri kama sahani ya wageni.

"Ila taratibu, mzee. Hiyo hainyonyi."

Ilikuwa nyepesi. Ikaanza kupata joto taratibu, joto la kitu kinachopumua, nalo likapenya suruali mpaka kwenye mapaja ambayo hayakuwa yamebeba kitu miaka mingi.

"Ramu ngapi?" akauliza mwishowe.

"Nane. Lakini nane ya hii si nane ile unayoijua."

"Hakuna nane ninayoijua. Chuo kimesema kumi na sita."

"Basi ni ile nyeusi pale. Kumi na sita, kamera ipo, kila kitu. Ila nzito, na sura yake kama tofali. Bei ni moja."

"Hiyo ramu yenyewe ni kitu gani?"

Injinia alifikiri. "Ni meza yako ya kazi, mzee. Si kabati, kabati ni kingine. Meza. Ukiwa na kijimeza, unaweka mkasi, kitana kinaanguka. Programu za chuo ni kubwa, zinataka meza."

Kinyozi alielewa vizuri kabisa. Hilo ndilo lilikuwa baya. Alielewa kwamba hii iliyo mapajani itakataliwa, na kwamba ikikataliwa binti atapanda basi kurudi, atakaa kwenye stuli mwaka mzima, na hakuna atakayemlaumu mzee wa wembe kwa kutojua ramu. Bei ilikuwa moja, kwa hiyo hata kisingizio cha mfuko hakuwa nacho.

"Nipe hii," alisema.

Alasiri shemeji yake alikuja kunyolewa kama kawaida yake, akamkuta kinyozi amekaa kwenye kiti cha wateja, kompyuta mapajani, haijawashwa.

"Shemeji, umenunua kompyuta au umejifungua?"

"Kaa, nikunyoe."

"Nitakaa wapi na wewe umekalia kiti? Imeshachanjwa hiyo?"

"Kesho naipeleka kituo cha basi."

"Haya. Mbona unaishika kama inataka kukimbia?"

Kinyozi aliinuka, akamfunga shuka shingoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jioni, shemeji ameshaondoka, binti akapiga simu.

"Umeipata, baba?"

"Nimeipata. Huko vipi?"

"Huku wananiita 'wewe wa kitanda cha juu'. Hakuna anayejua jina langu, lile la kweli wala la dukani. Wanasema mitihani tunafanyia kwenye kompyuta, kila mtu peke yake chumbani, kamera inakutazama. Akipita mtu nyuma yako tu, umefutiwa mtihani."

"Peke yako kabisa?"

"Kabisa. Baba, ikikataliwa usihuzunike. Nitarudi tu. Nitakufagilia."

Kinyozi alitakiwa afurahi. Maneno aliyokuwa anayatafuta tangu basi likate kona, binti alikuwa amemletea mwenyewe, bure.

"Umekula?" binti akauliza.

"Nimekula," alisema, naye hakuwa amekula.

Simu ilipokatika aliifungua mashine, akabofyabofya mpaka kamera ikawaka. Akajiona. Maisha yake yote alijitazama vioo, lakini kioo humgeuza mtu, na mtu huzoea ule upande wake wa uongo. Hapa alijiona kama wateja wanavyomwona: mzee aliyekumbatia kitu kwa mikono miwili, nyuma yake kiti kitupu, nyuma ya kiti stuli tupu. Hakupita mtu. Mtihani ule wa kuwa peke yake angeufaulu bila kusoma.

Akakumbuka mtoto alivyosimamishwa chini, na kwamba mlangoni hakugeuka nyuma. Akakumbuka pia kwamba siku ile alimkasirikia shemeji yake wiki nzima.

Aliiweka kompyuta chini sakafuni, katikati ya nywele, akakaa anaitazama mpaka taa zake zikazimika zenyewe.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Injinia kabla hajafungua.

"Nimekosea ramu," alisema. "Nipe lile tofali."

"Wazee bwana. Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

Injinia alicheka, akambadilishia. Kinyozi akamwacha acheke. Ile nyeusi hakuipakata. Aliibeba kwapani mpaka kituoni, akaikabidhi kwa kondakta, akaondoka kabla basi halijaanza kutembea.

Kompyuta ilikaguliwa ikapita. Binti alimaliza chuo, akapangiwa hospitali iliyo mbali kuliko hata chuo chenyewe, akaolewa na fundi wa mashine za eksirei. Hupiga simu siku za mapumziko. Kuja, amekuja mara chache. Huko aliko hakuna amwitaye Mpakatwa. Injinia aliacha kompyuta, anauza magodoro. Ile ya fedha ilinunuliwa na karani wa ghala na inafanya kazi mpaka leo. Shemeji alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, na kinyozi alimfuata kumnyoa nyumbani hadi alipofariki. Kinyozi alinyoa mpaka mkono ulipoanza kutetemeka, kisha akauza vioo na kiti. Habari ya ramu hakumwambia mtu. Stuli haikupata mnunuzi, iko chumbani kwake, anawekea birika.